Tope la Wapi?

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wanafunzi wa ufundi, mafundi wa gereji na wapenzi wa magari ya mfano)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, mafundi mliofunga gereji mapema Jumamosi ya leo ili mje kusikiliza habari za magari yanayoenea kiganjani, na ninyi vijana mliojaza viti vya mbele, nawasalimu nyote kwa heshima na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Gari lililo mezani hapa, ambalo baadaye litapitishwa mkono kwa mkono kwa sharti la kushikwa chini na si ubavuni, ni Toyota Celica iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1985. Limeundwa kwa kipimo cha 1/24, yaani kila sentimita 1 ya gari hili ni sentimita 24 za gari la kweli, na urefu wake wote ni kama sentimita 18. Lilitoka kiwandani likiwa vipande vya plastiki vilivyoshikamana na fremu zake, likiuzwa kwa jina la Beemax chini ya kampuni ya Aoshima ya Japani. Dereva wa gari la kweli alikuwa Juha Kankkunen wa Ufini, kijana aliyekuwa akiingia Safari kwa mara ya kwanza, na ushindi huo ulikuwa wake wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Björn Waldegård wa Uswidi, kwa gari la aina hiyo hiyo.

Pasaka ile ya 1985, mbio hizo zilipokimbizwa, nilikuwa mtoto wa miaka 9, nimesimama na mjomba wangu kando ya barabara ya vumbi huko Taita. Tulisikia mlio kabla ya kuona chochote, kisha likapanda wingu jekundu nyuma ya miti, na gari likapita mbele yetu kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia sasa kulitaja. Lililobaki ni vumbi. Lilitutulia taratibu, kichwani, mabegani, kwenye kope za macho, na shati jeupe la mjomba lilifuliwa mara mbili bila kurudi kuwa jeupe. Miaka mingi baadaye, nilipopata seti ya gari lile, nililiunda kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nikalipaka rangi, nikalibandika stika zake, kisha nikanunua chupa ya rangi ya kahawia iliyoandikwa kuwa ni ya matope na kuipaka kwenye milango na chini ya bodi. Nikampelekea mjomba kwa fahari. Alivaa miwani, akaligeuza polepole, akaniuliza, "Baba, hili tope la wapi?"

Sikuwa na jibu. Lile lilikuwa tope la chupani, rangi ya kakao, ambalo halijawahi kulala katika barabara yoyote ya Taita, na mzee aliyefua shati lake mara mbili alilijua hilo kwa kulitazama tu. Swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko maelekezo yote yaliyokuja ndani ya boksi, na ndilo ninalotaka kuliweka mbele yenu leo: gari la mfano huwa la kweli pale mwenye kuliunda anapoweza kusema limetoka barabara gani, siku gani, na limetoka huko likiwa katika hali gani. Rangi, brashi na kompresa hufuata baada ya hapo.

Nianze na hesabu, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Kwa kipimo cha 1/24, milimita 1 ni sentimita 2.4. Rangi iliyopakwa nene kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, jambo linalotokea kwa urahisi sana kwa brashi ya mkono, ni sawa na kulivika gari la kweli ngozi ya zaidi ya milimita 2, na ndiyo maana mistari ya milango na boneti hufukiwa na gari zima huonekana kama lililochovywa kwenye uji. Vivyo hivyo chembe za fedha katika rangi ya metaliki ya gereji: kwenye mlango wa gari la kweli zinametameta vizuri, lakini kwenye mlango wa sentimita 5 zinaonekana kama vipande vya kioo kilichovunjika. Mchanga nao ni vilevile. Punje tunayoiona ndogo kabisa ufukweni ni kokoto kubwa kwa gari hili. Kwa hiyo kila kitu kinachowekwa juu ya kigari lazima kiwe chembamba au laini kuliko macho yetu yalivyozoea, na anayelielewa jambo hili moja amejiokolea nusu ya majuto.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe, na hapa nawaomba radhi wasiopenda habari za thina, kile kimiminika cha kuzimua rangi, maana nitakaa kidogo.

Vipande vya plastiki hutoka kwenye kalibu vikiwa na mafuta mepesi yanayosaidia kuvitoa, na rangi haishiki juu ya mafuta. Vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vianikwe, na tangu hapo visishikwe kwa vidole vitupu. Baada ya kukata vipande kwa koleo kali na kulainisha makovu kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 1000, hupulizwa praima ya kijivu, yaani rangi ya kutanguliza, ambayo faida yake kubwa kwangu ni kuonyesha ukweli: mkwaruzo usioonekana juu ya plastiki nyeupe hujitokeza wote juu ya kijivu, na bado kuna nafasi ya kuusahihisha. Rangi ya juu huchanganywa na thina hadi iteremke kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa mabichi, ikaacha utando mwepesi nyuma yake. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, unapulizwa kwa mbali kidogo, uwe kama umande tu, usifunike. Wa pili na wa tatu ndiyo inayokolea. Mwenye haraka ya kufunika kwa mkono mmoja ataona rangi ikichuruzika kwenye kingo za madirisha, na mchuruziko ukishakauka hauna dawa isipokuwa msasa na kuanza tena.

Vitabu vya kazi hii vimeandikwa mbali, kwa watu wenye hewa kavu na baridi, na sisi wa pwani tuna tabu yetu wenyewe. Laka, ile rangi inayokauka upesi, inapokauka hupoza uso iliolala juu yake, na katika unyevu wa Mombasa, hasa usiku au wakati wa masika, mvuke wa hewani hutulia juu ya rangi kabla haijashika, ikatokea ukungu mweupe kama pumzi juu ya kioo. Nimeharibu bodi mbili namna hiyo kabla sijaelewa kwamba rangi haikuwa na kosa. Siku hizi napuliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua, na kompresa yangu ina kichujio cha kunasa maji kwenye mpira wa hewa. Joto nalo lina njama zake: rangi ikichanganywa na thina inayokauka upesi, matone hukauka yakiwa bado hewani na kufika kwenye bodi kama unga, uso ukawa wa kukwaruza. Thina ya polepole ndiyo tiba. Nayo pepo ya kaskazi inapoleta vumbi, mimi hufunika kigari kilichotoka kupakwa kwa ndoo safi iliyoinuliwa kwa vijiti viwili chini, hewa ipite na vumbi lisiingie.

Mengi ya haya sikuyapata vitabuni. Niliyapata kwa fundi wa rangi ambaye gereji yake ilikuwa mtaani kwetu. Nilipomwendea na gari la kwanza, uso wake umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hakucheka. Aliuliza nimetanguliza nini. Nilikuwa nimepaka enameli, ile rangi inayokauka polepole, nikaisubiri siku moja, kisha nikapiga laka juu yake. Akanieleza kwamba thina ya laka ni kali na hula enameli iliyo chini, na kwamba utaratibu ni kutanguliza kali na kumalizia na laini: laka kwanza, enameli juu, kamwe si kinyume chake. Enyi vijana, kila mtaa una mtu wa namna hiyo, na maarifa yake ya kupuliza rangi kwenye Hiace ndiyo maarifa yale yale yanayohitajika hapa, yamepunguzwa kwa ishirini na nne.

Katika jambo moja tu naomba tusimwige kila fundi. Klia ya gereji, ile vanishi angavu ya juu, inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huingia mapafuni na zinaweza kumletea mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Anayetaka kutumia klia hiyo avae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, akae mahali penye hewa, na asifanye kazi hiyo chumbani walimolala watoto. Hata laka ya kawaida haifai kuvutwa kila siku. Nimewaona mafundi wazuri wakikohoa uzeeni, na hakuna kigari kinachostahili kikohozi kile.

Nimeleta gari la pili, jekundu, ili muone suala la mng'aro. Hili ni Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, namba 11 ubavuni. Seti yake ni ya Hasegawa. Nyekundu ni rangi nyepesi isiyofunika vizuri, nayo huchukua sura ya kilicho chini yake: juu ya praima nyeusi huwa kama damu iliyoganda, juu ya nyeupe huwa kali, na mimi hutanguliza waridi kwa sababu huipa uzito bila kuizima. Lakini tazameni boneti. Ni nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa gari la kweli lilipakwa hivyo ili jua lisimrudie dereva machoni. Mtu akipiga klia ya kung'aa gari zima, boneti pamoja, ameliondolea gari akili yake. Gari lolote lina ming'aro mingi: bodi, mpira wa madirisha, tairi, dashibodi, bampa, kila kimoja kinapokea mwanga kwa namna yake, na jicho hugundua kosa la mng'aro mapema kuliko kosa la rangi. Tairi, kwa mfano, si jeusi. Lililotembea ni kijivu kizito kisichong'aa hata kidogo, na ukanda unaogusa barabara hupitishwa msasa ili ule mstari wa kiwandani katikati yake uondoke.

Labda wapo wanaojiuliza kwa nini viwanda vya Japani vijishughulishe na barabara zetu. Safari ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa kuwa baadaye ilikimbizwa wakati wa Pasaka, mvua za masika mara nyingi ziliikuta njiani. Kampuni za magari za Japani zilijengea jina humu. Datsun ilishinda mwaka 1970 na 1971. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano, zote kwa magari ya Datsun na Nissan. Joginder Singh wetu alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tamiya, Hasegawa na Aoshima ziko zote katika mkoa mmoja wa Shizuoka, na Tamiya yenyewe ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao. Mafundi wale wameichora kila taa na kila nati ya magari yaliyopita hapa. Jambo moja tu hawakuweza kulitia ndani ya boksi, nalo ni udongo.

Ndiyo maana naliona swali la mjomba kuwa deni letu sisi. Mtu wa Osaka au Milan akipaka kigari chake kahawia ya chupani, nani atamlaumu? Lakini sisi tunajua kwamba udongo wa Taru na Tsavo ni mwekundu unaoelekea machungwa, kiasi kwamba ndovu wa huko huonekana wekundu kwa kujipaka. Kwamba nyanda za Athi zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa hushika tairi hadi gurudumu lisizunguke, na ukikauka hupasuka kijivu. Kwamba vumbi la Amboseli ni jeupe jeupe kama majivu. Kwamba Naivasha, Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari yalizama katika vumbi laini la volkano linalotiririka kama maji. Dereva aliyetoka Nairobi kuelekea pwani alibeba historia hii juu ya milango yake kwa tabaka. Nyeusi ikakauka kwanza, nyekundu ikaja juu yake. Anayeanza na nyekundu kisha nyeusi ameligeuza gari lirudi Nairobi, na hilo ni sawa pia, mradi alikusudia.

Udongo huu ninaokota mwenyewe. Nauanika, naukaanga kwenye kikaango kikuukuu hadi ukauke kabisa na usiote ukungu, nautwanga, kisha naupitisha kwenye soksi ya nailoni ya kike iliyokunjwa mara mbili. Kinachopita ni unga mwepesi kama poda ya mtoto, na huo tu ndio unaofaa kwa kipimo hiki. Nauchanganya na thina ya enameli kwa vumbi, au na vanishi isiyong'aa kwa tope. Na hapa kuna mtego: udongo ukilowa kwa vanishi hukolea na hubaki umekolea, kwa hiyo vumbi lililoonekana sawasawa kikopeni hufika kwenye gari likiwa zito. Jaribu lolote hufanywa kwanza mgongoni mwa kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi ya gari lile lile, kikaachwa usiku mmoja. Nina vijiko zaidi ya mia moja nyumbani, na mke wangu amenivumilia.

Kisha inabaki kujua linakaa wapi. Chukueni lile Celica sasa, mlitazame mkiligeuza. Gurudumu la mbele hurusha tope kwenye kizingiti na sehemu ya chini ya mlango, likipanda kwa upinde na kupungua kadiri linavyorudi nyuma. Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo bampa la nyuma limepigwa zaidi. Nyuma ya gari linalokimbia hewa huvutwa na kuzunguka, vumbi likarudi na kutulia juu ya kioo cha nyuma na buti, na ndiyo maana pale vumbi ni sawasawa, halina michirizi kama ubavuni. Kioo cha mbele kina pepeo mbili safi zilizochorwa na waipa, na nje ya pepeo hizo pamebaki vumbi. Nilizikata kwa utepe wa karatasi kabla ya kupuliza. Sasa tazameni taa. Ni safi, wakati bampa lililozibeba limechafuka. Kila gari liliposimama kwa huduma, mafundi walifuta taa na vioo kwa kitambaa, kwa sababu usiku ulikuwa unakuja, na hakuna aliyekuwa na muda wa kufuta bampa. Kitambaa hicho kimeacha alama za duara pembeni mwa taa, nami nimezichora kwa ncha ya pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo. Mlango wa dereva, karibu na kitasa, una alama za vidole vinne.

Vidole vile vilinichukua jioni tatu. Mara ya kwanza vilikuwa vikubwa mno, mkono wa jitu. Kwa kipimo hiki upana wa kidole haufiki milimita 1. Nilivichora upya kwa ncha ya kijiti cha meno kilichochongwa, na nilipomaliza ndipo kwa mara ya kwanza niliona gari likiwa na watu ndani.

Kuhusu gharama nitasema machache. Seti hizi ni ghali, usafirishaji na ushuru huziongezea, na kijana hawezi kuambiwa aanze na Celica. Anza na chochote, hata seti ya bei ndogo iliyokosa kipande. Nyaya za plagi za injini hii ni nyuzi za shaba kutoka waya wa chaja mbovu. Wavu wa mbele ya rejeta ni chujio la chai lililochakaa. Eriali nilipata kwa kupasha kipande cha fremu ya plastiki juu ya mshumaa, bila kukigusisha moto, kilipolegea nikakivuta pande mbili kwa mwendo mmoja, kikawa uzi mwembamba kuliko unywele ulioviringwa. Na waliokua wakiunda magari ya waya yenye matairi ya ndala, wakayaendesha kwa fimbo ndefu kutoka dukani hadi nyumbani, wanajua tayari jinsi ya kulitazama gari la kweli na kuuliza limeungwaje.

Mjomba alipoliona gari hili mara ya pili, baada ya mimi kwenda Taita na mfuko wa plastiki na kuchota udongo kando ya barabara ile, hakuuliza kitu. Alipitisha kidole chini ya mlango, akakitazama kama kimeshika rangi, akaniambia nimpelekee mamangu aone.

Pale mezani kuna vikopo vinne: Taita, Athi, Amboseli na Naivasha. Kila kijana aliyepewa kijiko chenye rangi nyeupe mlangoni aje achague kikopo kimoja, na mafundi wawili watakaa nanyi kwa thina na brashi. Chukueni kidogo sana kwa ncha ya brashi, kisha nusu ya hicho mkifute kwenye karatasi kabla hamjagusa kijiko.